Dawa isiyorukwa: safari ya dawa za sida kutoka Kinshasa mpaka Bukavu

Mwishoni mwa mwezi wa tano 2004, risasi zilipoanza kulia katika mji wa Bukavu, kila nyumba ilijiuliza swali moja: tukitoroka, tubebe nini? Watu walifunga nguo, sufuria, diploma za shule na pesa kidogo zilizokuwepo. Lakini kulikuwa na wakaaji wachache wa mji ambao walikuwa na kitu kingine cha kubeba kabla ya vyote: kopo la vidonge. Walikuwa wameanza dawa za sida miezi michache tu kabla ya hapo, na waganga wao walikuwa wamewaambia mara nyingi kwamba dawa hizo hazirukwi hata siku moja.

Mgonjwa wa malaria hunywa dawa siku tatu, akapona, akarudi shambani. Mgonjwa wa sida, sawa na yule wa sukari au wa shinikizo la damu, hunywa dawa maisha yake yote. Kwa ugonjwa wa namna hiyo, kujua dawa inayofaa ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua nani ataishika dawa hiyo, atapewa ya siku ngapi, na barabara ikifungwa atafanya nini. Congo imelijibu swali hilo kwa miaka arobaini, mara kwa hasara, mara kwa akili. Inafaa kuikumbuka safari hiyo, kwa sababu swali lenyewe limerudi tena Kivu.

Kinshasa 1983: ordonansi bila dawa

Mwezi wa kumi 1983, watafiti kutoka Ubelgiji na Marekani, akiwemo Peter Piot, walifika katika hospitali ya Mama Yemo mjini Kinshasa. Mwenyeji wao alikuwa Dr. Bila Kapita, mkuu wa idara ya magonjwa ya ndani. Yeye alikuwa amekwisha kuona kwamba wodi zake zinajaa watu wanaokonda, wanaoharisha miezi mingi, wenye utando mweupe mdomoni na kikohozi kisichosikia dawa. Katika majuma matatu walitambua wagonjwa 38. Wanawake na wanaume walikuwa karibu sawa kwa hesabu, na hilo lilionyesha mapema kwamba ugonjwa huu unapita kati ya mume na mke, si kati ya wanaume peke yao kama ilivyodhaniwa Marekani wakati ule.

Mwaka uliofuata ulizaliwa Projet SIDA, ukiongozwa kwanza na Jonathan Mann. Ulikuwa mradi mkubwa wa utafiti kuliko yote ya sida barani Afrika katika miaka ile. Waganga wa Kinshasa waliifundisha dunia mengi: namna virusi vinavyopita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, namna vinavyotembea pamoja na kifua kikuu. Lakini mgonjwa aliyekaa mbele yao hakuwa na dawa. Daktari aliandika ordonansi kwa kila alama aliyoiona: ya kuharisha, ya utando wa mdomo, ya kikohozi. Alama moja ikiondoka, nyingine iliingia.

Kifua kikuu kilionyesha jambo hilo waziwazi. Utafiti uliofanywa Kinshasa na kutangazwa 1995 uliwalinganisha wagonjwa wa kifua kikuu wenye virusi vya sida: wengine walipewa dawa miezi 6, wengine miezi 12. Wale wa miezi 12 kifua kiliwarudia kwa nadra zaidi. Hata hivyo hawakuishi muda mrefu kuliko wenzao. Kifua kilipona, lakini ugonjwa uliokuwa chini yake uliendelea kula mwili.

Mwaka wa matumaini makubwa

Mwaka 1987 ulileta habari mbili. Ya kwanza ilitoka Marekani: mwezi wa tatu, AZT iliruhusiwa kuwa dawa ya kwanza ya sida. Bei yake ilikuwa maelfu ya dola kwa mwaka, na mgonjwa alitakiwa kuimeza kila baada ya saa nne, mchana na usiku. Watu wa Ulaya na Marekani walitembea na visanduku vya vidonge vyenye kengele ya kuwaamsha. Kwa mfanyakazi wa serikali ya Zaire, mshahara wa miaka mingi haungetosha kulipia dawa ya mwaka mmoja.

Habari ya pili ilitoka Kinshasa kwenyewe. Profesa Lurhuma Zirimwabagabo wa Chuo Kikuu cha Kinshasa, pamoja na Ahmed Shafik wa Misri, walitangaza dawa iliyoitwa MM1. Herufi hizo zilikuwa za majina ya marais wawili, Mobutu na Mubarak. Furaha ilikuwa kubwa. Taifa ambalo wageni walikuwa wanalitaja kama nyumba ya ugonjwa sasa lingekuwa nyumba ya uponyaji, na wagonjwa kutoka nchi nyingine nao waliitafuta dawa hiyo.

Ushahidi kwamba MM1 inaponya haukupatikana, na pole pole jina lake likatoweka. Lakini si haki kuwacheka waliotumaini. Mtu akiambiwa kwamba dawa ya wazungu iko ila si yake, atasikiliza yeyote anayemwambia kwamba iko nyingine. Tangu wakati ule, kila dawa za kweli zilipopungua, wauzaji wa chupa za miujiza waliongezeka.

Mwezi wa tisa 1991 askari wasiolipwa walianza kupora Kinshasa, na raia wakafuata. Wageni waliondoka kwa ndege na kwa mashua. Projet SIDA ukasimama. Miaka saba ya kazi ilimalizika kwa siku chache. Somo la kwanza la historia hii liko hapo: kazi inayoshikiliwa na mkono mmoja wa kigeni huanguka siku mkono huo ukiondoka.

Dawa zapatikana, vita vyaingia

Mwezi wa saba 1996, katika mkutano wa Vancouver, nchini Canada, waganga walitangaza kwamba dawa tatu zikinywewa pamoja, virusi hushuka mpaka vipimo visivione. Haviondoki mwilini, lakini vinalazwa usingizi. Watu waliokuwa wanasubiri kufa walisimama wakarudi kazini. Bei ilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka.

Miezi mitatu baadaye, mwezi wa kumi 1996, Bukavu iliangukia mikononi mwa AFDL. Askofu mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa tarehe 29. Halafu 1998 vita vya pili vikaanza. Kwa hiyo miaka ileile ambayo sida ilikuwa inageuka kuwa ugonjwa wa kuishi nao huko Ulaya, Kivu ilikuwa inahesabu wakimbizi, wanawake waliobakwa na vituo vya afya vilivyoporwa magodoro na darubini.

Mabadiliko yalitoka India. Mwezi wa pili 2001, kampuni ya Cipla ilijitolea kuuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, dawa tatu kwa dola 350 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Baadaye zikatiwa katika kidonge kimoja: stavudini, lamivudini na nevirapini. Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Ile hoja kwamba dawa ni ghali kupita kiasi ilianza kufa.

Ndipo hoja nyingine ilipojitokeza. Mwezi wa sita mwaka uleule, Andrew Natsios, mkuu wa USAID, shirika la msaada la Marekani, alisema kwamba Waafrika wengi hawajui saa za kizungu, na kwa hiyo hawataweza kunywa dawa kwa saa zilizopangwa. Maneno yale yaliwaudhi wengi, na hata hesabu yake haikusimama. Katika Kivu, karibu na mstari wa ikweta, jua huchomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima. Mtu anayehesabu saa zake kwa jua ana kipimo cha saa kumi na mbili mara mbili kila siku, na hicho ndicho kipimo ambacho kidonge cha Cipla kilitaka.

Tatizo halikuwa saa. Tatizo lilikuwa kuaminiwa. Kifua kikuu kilikuwa kimezoesha utaratibu ambao muuguzi anamtazama mgonjwa anapomeza. Kwa miezi sita inawezekana. Kwa maisha yote haiwezekani. Mganga wa sida alilazimika kufanya jambo ambalo hakulizoea: kumwachia mgonjwa dawa mkononi na kumwamini.

Bukavu 2003: namna dawa ilivyoandikwa

Kampuni chache ziliwatangulia wengine. Heineken, yenye viwanda vya Bralima, iliamua 2001 kuwalipia dawa wafanyakazi wake wa Afrika na jamaa zao, ikianza na Rwanda na Burundi kisha Congo. Lakini mama anayeuza samaki sokoni hakuwa na kampuni.

Kwake yeye mlango ulifunguka 2003, MSF ilipoanza kutoa dawa za sida Bukavu bila malipo. Ilikuwa kati ya programu za kwanza duniani kufanya hivyo katika mji ulio ndani ya eneo la vita. Wengi walikuwa wameonya kwamba ni hatari: wagonjwa watatoroka, dawa zitakatika, virusi vitazizoea.

Siku zile mgonjwa hakupewa dawa siku ileile aliyopimwa. Kwanza alianzishiwa Bactrim, kidonge cha kila siku cha kuzuia maambukizo mengine ya mapafu na ya ubongo. Bactrim ilikuwa pia kama mtihani: mtu anayeweza kunywa kidonge hicho kila siku ataweza na vingine. Halafu yalifuata mazungumzo na mshauri, si mara moja. Nani nyumbani anajua siri yako? Utaiweka wapi dawa? Ukisafiri kwenda kijijini kwa kilio, utafanya nini? Mume akikuuliza vidonge hivi ni vya nini, utasema nini?

Kulikuwa na kipimo pia. Wakati ule kanuni ya Shirika la Afya Duniani, OMS, ilisema dawa ianzishwe chembe za kinga ziitwazo CD4 zikishuka chini ya 200, au mgonjwa akifika hatua ya mwisho ya ugonjwa. Maana yake ni kwamba mtu aliyekuwa bado ana nguvu aliambiwa arudi nyumbani asubiri. Wengine walisubiri, wakarudi wakiwa wamebebwa.

Nevirapini ilianzwa kwa tahadhari: siku 14 za kwanza mara moja kwa siku, kisha mara mbili, kwa sababu inaweza kuchoma ngozi au kuumiza ini. Mgonjwa mwenye kifua kikuu alipewa efavirenzi mahali pa nevirapini, kwa kuwa rifampisini ya kifua huipunguza nguvu nevirapini mwilini. Efavirenzi nayo ilileta kizunguzungu na ndoto kali, ndiyo maana ilinywewa usiku. Mambo haya yote yalitaka mwandishi wa ordonansi awe na muda wa kueleza, na mgonjwa awe na ujasiri wa kuuliza.

Juni 2004: mtihani

Kabla dawa hazijafika mwaka mmoja mjini, vita vilikuja kuzijaribu. Wanajeshi wa Kanali Jules Mutebutsi na wa Jenerali Laurent Nkunda waliingia vitani na jeshi la serikali, na tarehe 2 mwezi wa sita mji ulikuwa mikononi mwao. Raia waliuawa, wanawake walibakwa, maduka na maghala yaliporwa. Mashirika mengi yaliwaondoa watu wao. Wakaaji walijificha chini ya vitanda au walivuka Ruzizi kwenda Rwanda.

Timu ya dawa za sida ilikuwa imeliwaza jambo hilo kabla. Ilikuwa na mpango wa dharura: wagonjwa wawe na akiba ya dawa, wajue la kufanya kituo kikifungwa, na wajue namna ya kupata msaada.

Katika programu za maeneo ya vita, wagonjwa wa nevirapini walifundishwa hata namna ya kuacha dawa kama hakuna budi. Nevirapini hutoka mwilini polepole kuliko zile mbili zingine. Mtu akiziacha zote tatu siku moja, nevirapini hubaki peke yake ndani ya damu, na virusi hupata nafasi ya kuizoea. Kwa hiyo ni afadhali kutangulia kuiacha nevirapini, kisha kuendelea na zile mbili siku chache zaidi. Elimu hiyo zamani ilikuwa ya mganga peke yake. Vita vililazimisha ipewe mgonjwa.

Waasi walipotoka mjini baada ya siku chache, hesabu ilifanywa. Karibu wagonjwa wote walikuwa hawajakatiza dawa. Wale walioambiwa kwamba hawajui saa walikuwa wamemeza vidonge vyao chini ya milio ya bunduki.

Matokeo yalitangazwa 2007 katika jarida la PLoS Medicine. Mpaka mwanzoni mwa 2006, karibu watu 500 walikuwa wameanza dawa Bukavu. Baada ya mwaka mmoja wa dawa, CD4 zao zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya 150. Waliokufa walikuwa chini ya 8 kati ya 100, na waliopotea bila habari walikuwa kama 5 kati ya 100. Matokeo hayo yalifanana na yale ya miji ya Afrika iliyokuwa na amani. Kuanzia hapo ilikuwa vigumu kusema kwamba mahali pa vita hapafai dawa ya maisha yote.

Dawa iliyookoa na kuumiza

Historia ya kweli haifichi upande wa pili. Stavudini, ile iliyofanya kidonge kiwe rahisi bei, ilikuwa na madhara ambayo yalijionyesha baada ya miezi na miaka. Miguu iliwaka moto na kufa ganzi. Mashavu yalizama, mikono na matako yakapoteza mafuta. Kwa wachache damu ilijaa asidi mpaka kufa. Ubaya wake katika mji mdogo ulizidi maumivu, kwa maana sura yenyewe ilianza kutoboa siri. Mtu aliyepona aliweza kutambuliwa barabarani kwa mashavu yake.

Nchi tajiri ziliiacha mapema. Mwisho wa 2009 OMS ilizishauri nchi zote ziiache. Kuibadilisha kulichukua muda, kwa kuwa badala yake, tenofoviri, ilikuwa na bei zaidi. Wagonjwa wengi wa Afrika walikaa na stavudini miaka baada ya waganga kujua ubaya wake. Hapo pia ordonansi haikuandikwa na elimu peke yake. Mfuko wa pesa ulishika kalamu pamoja na daktari.

Na kulikuwa na walio wengi zaidi, ambao hawakupata dawa yoyote. Congo haikuwa kati ya nchi 15 zilizochaguliwa mwanzoni na mpango mkubwa wa Marekani, PEPFAR, wa 2003. Mwanzoni mwa 2012 MSF ilipiga kelele kutoka Kinshasa: kati ya wote waliostahili dawa Congo, asilimia 15 tu walikuwa wanazipata. Ukosefu huo ulikuwa na sura yake nyumbani. Mume na mke wote wana virusi, mmoja tu ana kopo, na wanagawana. Upendo wa namna hiyo huwaangamiza wote wawili, kwa sababu nusu ya dawa haiui virusi, inavifundisha.

Kutoka mwezi mmoja mpaka miezi sita

Katika miaka hiyo ya uhaba, wazo lililojaribiwa Bukavu wakati wa vita lilipata nyumba Kinshasa. Mwisho wa 2010 vilianzishwa vituo vya kugawa dawa ndani ya komini, vikiitwa PODI. Havikuendeshwa na daktari. Viliendeshwa na watu ambao wenyewe wanaishi na virusi, waliofundishwa kupima uzito, kuuliza maswali machache na kutambua dalili ya hatari. Mgonjwa aliyetulia alichukua dawa za miezi mitatu, akarudi kazini kwake, na kumwona daktari mara moja kwa mwaka kama hana shida.

Ambaye hajawahi kupanga foleni hospitalini anaweza kuliona hilo ni jambo dogo. Kila mwezi mgonjwa alipoteza siku nzima ya kazi, alilipa pikipiki kwenda na kurudi, na alikaa kwenye benchi ambalo jirani akipita anajua ni la nini. Wengi hawakuacha dawa kwa uvivu. Walichoshwa na benchi.

Kanuni za dunia zilifuata. Mpaka wa CD4 ulipandishwa kutoka 200 mpaka 350, kisha 500 mwaka 2013. Mwaka 2015 mpaka ukaondolewa: kila mwenye virusi aanzishiwe dawa, akiwa na nguvu au hana. Mwaka 2016 OMS ilikubali kwamba mgonjwa aliyetulia anaweza kupewa dawa za miezi mitatu mpaka sita kwa mara moja. Mwaka 2018 dolutegraviri ilipendekezwa kuwa dawa ya mbele: kidonge kimoja kwa siku pamoja na tenofoviri na lamivudini, madhara machache, na virusi huchelewa sana kuizoea. Bei ya kidonge hicho ilikuwa imeshushwa mpaka karibu dola 75 kwa mwaka. Mwenye kifua kikuu anapaswa kuongezewa kipimo cha dolutegraviri jioni, kwa sababu ya rifampisini ileile.

Ukitazama miaka yote hii kwa pamoja, ordonansi imesafiri mbali. Ilianza kwa mganga asiyetoa kitu. Ikaenda kwa mganga anayetoa kidogo huku anamtilia mgonjwa shaka. Ikafika kwa mgonjwa mwenye dawa za nusu mwaka ndani ya sanduku lake. Na kila hatua mgonjwa alipoaminiwa zaidi, alishika dawa vizuri zaidi.

2025: swali linarudi

Tarehe 20 mwezi wa kwanza 2025, serikali ya Marekani ilisimamisha msaada wake wa nje kwa siku 90. Katika Congo pesa zake za sida zilikuwa zinabeba hasa Kinshasa, Haut-Katanga na Lualaba. Kivu hutegemea zaidi Mfuko wa Dunia, lakini mchangiaji mkubwa wa mfuko huo ni Marekani hiyohiyo.

Juma moja tu baadaye M23 ilichukua Goma, na katikati ya mwezi wa pili ikaingia Bukavu. Viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vilifungwa, benki zikafungwa, kambi za wakimbizi zikavunjwa na watu wakatawanyika. Swali la 2004 likarudi katika kila nyumba yenye kopo: nina za siku ngapi?

Tofauti kati ya aliyekuwa na dawa za siku kumi na aliyekuwa na za miezi minne haikuwa ya imani wala ya elimu. Ilikuwa ya namna ordonansi yake ya mwisho ilivyoandikwa. Aliyeandikiwa mwezi mmoja alilazimika kuchagua kati ya kuvuka mji wenye bunduki na kurukisha dozi. Aliyeandikiwa miezi mingi alikaa ndani akasubiri.

Bado kuna jambo lisilosemwa sana. Somo hili limewafikia wagonjwa wa sida kwa sababu walilipigania na kwa sababu dawa zao ni za bure. Mgonjwa wa sukari na wa shinikizo la damu katika miji hiyohiyo bado hununua dawa kwa pesa ya siku: vidonge kumi leo, vitano wiki ijayo, kisha hakuna mpaka mtoto alipwe. Anayehitaji insulini ana shida zaidi, maana insulini inataka baridi na umeme hukatika. Naye ana ugonjwa wa maisha yote. Naye dawa yake hairukwi. Naye vita vinamkuta na alichonacho nyumbani tu.

Wagonjwa wa Bukavu wa 2004 walibeba makopo yao chini ya risasi, na karibu wote walirudi wakiwa wazima. Kabla ya risasi kulia, mtu mmoja aliyeshika kalamu alikuwa amewaandikia dawa zaidi ya zile za mwezi ule, na akawaeleza kwa nini.